Ukurasa Ambao Mama Aliukunja

Mama yangu, Mwanaheri binti Nurdini wa Mbwemkuru, aliacha kusoma siku moja saa saba mchana, akiwa ukurasa wa sitini na moja, na sababu ilikuwa mimi. Sisemi aliacha kitabu. Nasema aliacha kusoma. Tangu siku hiyo hakuangalia hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Kabla ya hapo alikuwa anasoma kila kitu. Alisoma karatasi zinazokaa ndani ya boksi la dawa, alisoma magunia ya mbolea, alisoma kanga za wenzake wakiwa wamezivaa, mpaka wakawa wanamwambia, "Mwanaheri, macho yako hayo yatatutoboa mgongo." Darasa la saba alimaliza akiwa wa kwanza, hakuchaguliwa, akaolewa na baba yangu Kaimu. Mwenyewe husema shule ilimnyanyua kwenye sahani akiwa bado ana njaa. Halafu akatokea Bakary na vile vitabu.

Bakary alikuwa akileta salfa ya kupulizia mikorosho kutoka Nachingwea. Alifunga mifuko nyuma ya baiskeli, na juu ya mifuko, akikumbuka, alichomeka kitabu. Vilikuwa vitabu vyembamba vyenye jalada jekundu na maandishi meusi yaliyotiririka kama yanayeyuka: *Nyumba ya Milango Tisa*. Kitabu kimoja, mlango mmoja. Mwandishi aliahidi milango tisa. Leo ninapoandika haya amefika wa nane, na bado anatuambia tuwe na subira, kama vile sisi ndio tuliomchelewesha.

Hadithi yenyewe ilimhusu msichana muuguzi aitwaye Nargisi, aliyerithi nyumba ya babu yake. Nyuma ya kila mlango alifungiwa kiumbe, na mkubwa wa wote alikuwa jini aliyejiita Bwana Kanzu. Kanzu yake ilikuwa imelowa pindoni sikuzote, hata kiangazi visima vikikauka, na kabla hajatokea ilitangulia harufu ya kiberiti. Sasa fikiria kitabu hicho kimesafiri siku nzima juu ya mifuko ya salfa, ambayo harufu yake ni hiyohiyo ya kiberiti. Mama akikifungua tu, Bwana Kanzu ameshafika. Bibi Fatu, mama yake baba, hakukubali hata siku moja kukaa mbele ya kitabu. Alikaa nyuma ya mgongo wa mama, ili jini likitoka limkute kwanza mkwe.

Wakati wa kazi za shamba, jua likiwa kali, wanawake sita au saba walikusanyika kwenye kivuli cha mikorosho yetu, na mama akasoma. Alikuwa na sheria moja. Kabla hajaanza, alimwelekeza mtu kidole aeleze walipoishia jana, na aliyesahau alikwenda kuchota maji. Alisoma sentensi kwa Kiswahili, kisha akaigeuza Kimwera kwa ajili ya wazee, na wote walikubaliana kwamba Bwana Kanzu akiongea Kimwera anatisha zaidi. Baba alikuwa akinoa panga pembeni. Panga la baba lilikuwa kali kupita mapanga yote ya Mbwemkuru, maana lilinolewa vitabu vitano.

Nayakumbuka hayo kwa sehemu, na kwa sehemu nimesimuliwa, na siwezi tena kutenganisha. Nakumbuka sauti ya mama ikishuka Nargisi anapokaribia mlango. Nakumbuka mikono ya wale wanawake ikisimama. Nikisema ukweli, sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena, ya kuogopa nikiwa nimelala kwenye paja la mtu ambaye nina hakika hataniacha.

Mimi nilizaliwa baada ya kitabu cha pili. Mama akasema mtoto ataitwa Nargisi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, na mtu huyo anakuwa somo yake. Bibi Fatu alikuwa ameshaandaa jina la dada yake aliyekufa uzazini.

"Nargisi wa ukoo gani?" akauliza.

"Wa kitabuni, mama. Si unamjua?"

"Namjua. Ndiyo maana nauliza. Somo ndiye anayetangulia njia, mtoto anafuata nyuma. Huyo wenu anaelekea wapi? Mnampa mtoto jina la mtu ambaye habari zake hazijaisha?"

Mama akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na tano na alimwamini mwandishi. Baba naye, kwa kuwa alitaka kujua kilichopo nyuma ya mlango wa tatu na hakutaka msomaji anune, akasema jina ni zuri. Likapita. Bibi Fatu aliniita Nargisi kwa miaka saba kama mtu anayelipima kila mara kama limeiva.

Mwaka elfu mbili na saba baba alikodi shamba la ufuta Kilimarondo, kwa shemeji yake, tukahamia huko kwa msimu. Ni mbali. Tembo walikuwa wakipita kando ya mashamba, na watu walizoea kupiga madebe. Bakary alifika hadi huko na kitabu cha sita, wakati huo akiwa na pikipiki, na mama alimshangilia kuliko baba alivyoshangilia salfa ya msimu mzima. Wanawake wa Kilimarondo hawakuwajua Nargisi na Bwana Kanzu, hivyo mama aliwasimulia kwanza vitabu vyote vitano kwa kichwa, siku tatu, ndipo akafungua cha sita.

Siku ya nne ya kitabu hicho nilikuwa nimelala pajani kama kawaida. Nargisi alikuwa amefika mbele ya mlango wa sita. Mama akasoma kwamba ameshika komeo, na komeo ni la baridi, na nyuma ya mbao kuna mtu anamwita kwa sauti ya mama yake. Hapo ndipo ukurasa ulipokwisha. Mama akainua kidole kuufunua, na mimi nikaanza kukakamaa.

Sikumbuki chochote. Nimeambiwa macho yaligeuka meupe, meno yakaumana, na mwili ulikuwa moto kiasi kwamba mama alidhani nimelalia jiwe la jikoni. Alikunja ncha ya ukurasa. Huwa najiuliza mtu anawezaje kukunja ukurasa wakati mtoto wake ana degedege, lakini mikono ina mazoea yake. Kulikuwa na lori likipakia magunia ya ufuta, likaacha kupakia, likatubeba mpaka hospitali Nachingwea. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Walinitundikia dripu, na siku ya tatu nikaomba muhogo wa kuchoma.

Tuliporudi, wanawake wakauliza, enhe, mlango wa sita? Mama akajibu kwamba kitabu kimeishia hapo, mwandishi ameacha. Bakary alipoleta cha saba miaka miwili baadaye, mama akamwambia asimletee tena. Bakary akamtazama kama mtu aliyekuta msikiti umegeuzwa ghala. "Mwanaheri, unaumwa?" Akasema haumwi. Kivuli cha mikorosho kikabaki cha kulia chakula tu.

Mimi sikujua sababu. Nilimwomba anisimulie, na alinisimulia vizuri sana vitabu vitano na nusu, kwa sauti zote, lakini akifika kwenye komeo anasema, "Haya, kalale," hata kama ni asubuhi. Nilipofika miaka kumi na mitano nilikifukua kitabu chini ya kanga zake kwenye sanduku la bati. Nikaona ile kona iliyokunjwa. Nikaanza kuikunjua, na mama akaingia.

Nilipigwa kofi. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga. Kisha akakaa kwenye mkeka akalia yeye, badala yangu, na akaniambia.

"Niliapa kwenye lori lile. Nilisema, ya Rabi, huyu akipona, yule simfungulii mlango, wala sisomi tena kitu chochote. Nisipofunua, bado amesimama pale, ameshika komeo. Mzima. Na wewe mzima. Mama mkwe aliniambia mapema, mimi nikacheka. Usije ukausoma, Nargisi. Niahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa kidato cha pili, nafundishwa mbu na vimelea, nikajiona mjanja sana, nikajisemea mama ana mambo ya kizamani. Lakini sikuusoma. Hata nilipopata simu, hata nilipoona picha ya lile jalada jekundu mtandaoni, nilipitisha kidole haraka. Wasomi tuna namna yetu ya kuogopa.

Sasa ninafanya kazi Nachingwea mjini, kwenye duka la vifaa vya shule ambalo pia linatoa fotokopi. Mwaka huu, mwezi wa sita, alikuja mwalimu mmoja wa Marambo aitwaye Lusiana, Mmakonde mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, kutoa nakala za mitihani. Akasikia mwenye duka akiniita.

"Nargisi? Kama yule wa Milango Tisa?"

"Ndiye somo yangu," nikasema. Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Akacheka mpaka akashika meza. "Sasa mbona unatutolea fotokopi? Wewe si ulishakufa zamani!"

Mashine ilikuwa inatema karatasi, sikuizima. Nikamuuliza nimekufa lini.

"Kitabu cha sita, dada. Anashika komeo, unafunua ukurasa, kafa. Nilikuwa sekondari, nililia wiki nzima. Kuanzia cha saba ni mama yake anayefungua milango, na mama huyo ni moto, usiombe. Siku hizi mwandishi anatutumia vipande kwenye simu, kila Ijumaa. Hivi kweli hukujua?"

Nilijigusa shingo. Nakiri. Mtu mzima wa miaka ishirini na nne, mchana kweupe, dukani, nilijigusa shingo nione kama kuna mshipa unaopiga. Halafu hofu ikaondoka na hasira ikakaa mahali pake. Ukurasa uleule! Wakati mama anakunja ile kona Kilimarondo, yule alikuwa ameshakufa kwa upande wa pili wa karatasi. Miaka kumi na saba mama amemsimamisha mlangoni, amenyima macho yake chakula, kwa ajili ya maiti.

Nilipomweleza Lusiana yote, aliacha kucheka. Akanikataza. "Usithubutu kumwambia. Mama mtu mzima, atapandwa na presha. Mwache na amani yake."

Ningekubali, kama nisingekumbuka jambo moja. Msimu uliopita nilikwenda naye kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha korosho. Karatasi ya mahudhurio ilipomfikia, alichovya kidole gumba kwenye wino. Karani akampangusa kwa heshima, akamwita bibi, akamsomea ajenda polepole kama anavyosomewa mtu asiyejua herufi. Mwanaheri binti Nurdini, wa kwanza darasani! Aliitikia kwa kichwa. Nilitaka kupiga kelele mle ndani. Hiyo haikuwa amani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiigharimia kwa kunyamaza.

Jumamosi nikaenda Mbwemkuru.

Nilimkuta uani akikung'uta ufuta juu ya turubai. Bibi Fatu na baba wote wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwa hiyo alikuwa peke yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama mara moja tu.

"Una jambo wewe. Hujasimama hivyo bure."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya busara. Yote yakapotea. Nikasema, "Mama, somo yangu amefariki."

Mganda wa ufuta ukabaki hewani. Akauweka chini taratibu, akakaa kwenye ukingo wa turubai.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu mmoja. Amesoma vyote."

"Lini?"

"Kitabu kilekile. Ukurasa unaofuata tu, mama. Ulipokunja alikuwa ameshakufa."

Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena, kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mti. Mimi nikawa nasubiri ile presha ya Lusiana.

"Siku ileile ya degedege," akasema.

"Siku ileile."

"Na wewe upo."

"Nipo, mama. Nimekuja na gari la asubuhi, nimeshinda na njaa."

Hapo akaangua kilio, na si kilio cha kunifurahia mimi. Alimlilia Nargisi. Alimlilia kwa jina, kwa Kimwera, kama anavyoliliwa mtu wa nyumbani, akitaja wema wake, wagonjwa aliowauguza, milango mitano aliyoifungua bila kulala. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza ni nani. Mama akamjibu, "Msiba wa zamani, hatukupata taarifa." Jirani akatoa pole akarudi ndani. Sijui mpaka leo anadhani tulifiwa na nani.

Alipotulia akafuta uso kwa ncha ya kanga na kuniagiza nilete ndoo na beseni.

"Za nini?"

"Somo akifa, aliyebaki na jina huoshwa. Anaoshwa na yule aliyempa jina, siku hiyohiyo, ili mauti yakipita yanaliita jina, yakute limeshatengwa. Ndivyo mama mkwe alivyokuwa akifanya. Wewe umekaa miaka yote hiyo hujaoshwa! Mimi ndiye wa kukuosha, nami nimekaa nimekumbatia komeo."

"Mama, nimesuka juzi."

"Inama."

Nikainama. Alinimwagia maji ya kisima kichwani, kata saba, na nywele zangu zikaharibika zote. Alinisugua nyuma ya masikio, shingoni, kwenye viganja, kwa nguvu zilezile alizokuwa akinisugua nikiwa na miaka saba. Hakusema dua ndefu. Alisema tu, "Yule ameondoka na lake, huyu abaki na lake," kisha akanitupia kanga nijifute. Nilikuwa natetemeka kwenye jua la saa sita, na nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo nikimweleza Lusiana atanicheka. Acha anicheke.

Baadaye aliingia ndani akatoka na kitabu. Hakikuwa kikinuka kiberiti tena, kilinuka kanga za zamani. Akakaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, akakifungua penye ile kona, akaikunjua kwa kidole gumba. Kona ilikatika, ikabaki mkononi mwake. Akafunua ukurasa.

Nilikuwa nimeisubiri sauti ile miaka mingi kuliko nilivyojua. Nikakaa karibu. Mama akasogeza kitabu mbali, akakileta karibu, akakigeuzia juani. Akakunja uso. Midomo ikacheza kidogo, ikasimama.

"Wameandika kwa herufi ndogo hivi tangu zamani?" akauliza.

"Ni zilezile, mama."

Akaangalia tena. Miaka arobaini na tisa si mingi, lakini macho hayamsubiri mtu amalize nadhiri yake. Nilimwambia Nachingwea kuna mahali wanapima miwani, nitampeleka Jumatatu. Akasema sawa, tutakwenda. Kisha akanipa kitabu.

"Jumatatu mbali. Soma wewe. Polepole, na usiruke kitu kwa kunihurumia."

Nikajaribu. Nilianza vibaya, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, akanikatisha na kunirudisha mwanzo. "Mlangoni mtu hafiki mbio namna hiyo." Nikashusha sauti. Nikasoma jinsi komeo lilivyolia, jinsi Nargisi alivyoujua uongo wa ile sauti iliyomwita, na akafungua hata hivyo, kwa sababu ndani kulikuwa na watoto waliofungiwa. Nikasoma jinsi maji yalivyotoka kwenye pindo la kanzu yakafunika sakafu. Mama alikuwa amefumba macho. Nilipofika pale Nargisi anapopiga magoti na mwandishi anaanza kutaja viungo vyake vikipoa kimoja baada ya kingine, nilisikia jina langu katika kinywa changu mwenyewe, nikaacha kusoma.

Mama hakufumbua macho. Alinyoosha mkono, akanishika kwenye kifundo cha mkono, pale wauguzi wanaposikilizia mapigo.

"Endelea," akasema, na hakuniachia mpaka ukurasa ulipokwisha.